Salfa, pumzi na kitambaa cha puani

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, barabara ya kutoka Mtwara kwenda Newala bado ina giza. Ukishapita Naliendele na kukaribia Nanguruwe, utaisikia kazi kabla ya kuiona: ngurumo za mashine ndogo ndani ya mashamba, moja huku, nyingine kule, kama pikipiki zilizokwama mahali pamoja. Watu wa korosho wanapuliza salfa. Wanaiwahi saa hiyo kwa kuwa upepo wa kusi haujaamka, na majani yana umande, hivyo unga unanata badala ya kupeperuka. Jua likishapanda, salfa inakwenda kwa jirani.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilisimama shambani kwa mzee mmoja na mpwa wake. Mpwa ndiye aliyebeba mashine mgongoni. Ikiwa tupu, mashine hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo kumi, bado hujatia unga. Usoni alijifunga kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili, kuanzia puani hadi kidevuni. Mfukoni alikuwa na barakoa ya bluu, ile ya hospitali, aliyopewa siku alipompeleka mwanawe kliniki. Hakuivaa kwa sababu mjomba wake alimkataza.

"Ile ukikaa nayo sana inakurudishia pumzi yako chafu," mzee alisema. "Mtu anakula sumu yake mwenyewe."

Kijana akanigeukia. "Ati kaka, ni kweli?"

Nilimjibu haraka kwamba si kweli, mashine ikawaka, wingu la manjano likapanda hadi kwenye matawi, na mimi nikarudi nyuma hatua ishirini nikikohoa. Jibu langu halikuwa la uongo, ila lilikuwa fupi mno kwa swali lenye uzito ule. Kijana yule anavuta unga kwa saa mbili au tatu kila anapopuliza, na aliniuliza kama kinga ya pua ni sumu. Anastahili jibu refu.

Tuanze na neno lenyewe, maana limesafiri. Barakoa, kutoka burqu' ya Kiarabu, kwa wazee wa Unguja na pwani ilikuwa kifuniko cha uso cha mwanamke wa Kiarabu wa nyumba kubwa. Kile cha hospitali wengi tulikiita maski. Ndipo tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na ndani ya wiki chache barakoa ikawa kitu cha kila mtu. Mafundi cherehani wakazishona kwa vitenge, zikauzwa stendi na sokoni.

Hofu nayo ilikuja upesi, na sioni haki ya kumcheka aliyeogopa. Katika mwaka mmoja wananchi waliambiwa mambo mengi yasiyolingana. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasio wagonjwa hawana haja ya barakoa; tarehe 5 Juni 2020 likageuka na kushauri zivaliwe mahali ambapo ugonjwa umeenea. Hapa nyumbani takwimu zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Rais John Magufuli aliwatahadharisha watu na barakoa za kutoka nje, na tarehe 21 Februari 2021 akasema kanisani Dar es Salaam kwamba serikali haijakataza barakoa, ila watu waangalie wanavaa zipi, watangulize zilizotengenezwa nchini. Mtu aliyesikia yote hayo redioni, akaongezea na yale yaliyokuwa yakizunguka kwenye simu, alikuwa na sababu ya kujiuliza ameweka nini puani. Mzee wa Nanguruwe alibaki na sentensi moja tu kutoka kipindi kile, na kwa bahati mbaya ndiyo iliyobaki kwa wengi.

Tuichukue sentensi hiyo kwa uzito wake. Kuna ukweli ndani yake, na tusipoutaja hatutaaminika kwa mengine.

Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban nusu lita ya hewa kwa pumzi moja. Katika hiyo nusu lita, mililita kama 150 haifiki kwenye vifuko vya mapafu vinavyofanya kazi. Inaishia kooni na kwenye mirija, kisha inatoka. Maana yake ni kwamba kila binadamu, awe na barakoa au asiwe nayo, anaanza kila pumzi kwa kuvuta tena hewa yake mwenyewe iliyobaki njiani. Ndivyo tulivyoumbwa. Barakoa inaongeza nafasi ndogo mbele ya pua ambamo hewa iliyotoka husubiri kidogo kabla ya kuvutwa tena. Na hewa hiyo si sawa na ya nje. Hewa ya shambani ina hewa ukaa sehemu kama 420 kwa kila milioni, yaani asilimia 0.04. Ile inayotoka kifuani ina takriban asilimia 4, mara mia moja zaidi. Mzee hakuota. Hewa iliyo mbele ya pua ya mvaa barakoa kweli imechanganyika na iliyotumika.

Suala ni kama inajikusanya, na jibu linategemea jinsi kitambaa cha barakoa kinavyofanya kazi. Wengi hudhani ni chekecheke: kikubwa kinazuiwa, kidogo kinapita. Ingekuwa hivyo, barakoa isingezuia kirusi hata kimoja. Mfano ulio karibu zaidi ni wa mikoko. Ukienda Msimbati ukaendelea hadi kwenye maingilio ya Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, utaona mto ukiingia baharini ukiwa na tope la safari ndefu. Mizizi ya mikoko si ukuta, ina matundu ya kupitisha hata mtumbwi mdogo. Lakini maji yanapopinda huku na huku kuizunguka, kasi yake inapungua, na tope linatua na kubaki. Maji yenyewe yanakwenda zake. Barakoa ya hospitali imetengenezwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki zilizolala ovyo, tabaka juu ya tabaka. Hewa inapinda kati yake. Chembe inashindwa kona, inagonga uzi, inanata. Barakoa nzuri zaidi zina pia chaji ya umeme tuli katika nyuzi zake, inayovuta chembe kama kitana kilichosuguliwa kinavyovuta vipande vya karatasi.

Hewa ukaa katika mfano huu ni maji. Molekuli yake haifiki hata nanomita moja, na nafasi kati ya nyuzi hupimwa kwa maikromita, yaani ni kubwa kwa maelfu ya mara. Inapita ikitoka, oksijeni inapita ikiingia. Tena mwili hausubiri kuambiwa. Kwenye shina la ubongo na katika mishipa ya shingoni kuna vipimo vinavyoonja damu kila wakati, na hewa ukaa ikipanda kidogo tu, pumzi inaongezeka kina hadi ziada itoke. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia anahema chini ya barakoa wakati damu yake iko sawa: kilichobadilika ni juhudi ya kuvuta, na joto usoni.

Wapimaji wameliangalia hili kwenye damu ya watu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapima wazee 25, wenye wastani wa umri wa miaka 76 na nusu, kabla ya kuvaa barakoa ya tabaka tatu, wakiwa wameivaa na baada ya kuivua. Oksijeni ilikuwa asilimia 96.1, kisha 96.5, kisha 96.3. Haikushuka. Mwaka huohuo kule Miami walipimwa watu 15 wazima na 15 wenye ugonjwa sugu wa mapafu, wakiwa wamekaa na baada ya kutembea, na barakoa ya hospitali haikuleta badiliko kubwa la gesi katika damu, hata kwa wale wagonjwa.

Lipo na andiko lililosema kinyume, nalo ndilo lililosambaa zaidi. Mwishoni mwa Juni 2021 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, JAMA Pediatrics, lilitoa waraka mfupi uliodai kwamba watoto waliovaa barakoa wanavuta hewa ukaa kupita kiasi mara nyingi. Haikufika mwisho wa Julai, jarida likauondoa. Wataalamu wengine walihoji kama kifaa kilichotumika kilifaa kwa kazi hiyo, na kama kilichopimwa kilikuwa kweli hewa inayoingia au mchanganyiko wa inayoingia na inayotoka. Habari ya kuondolewa haikusafiri kama ilivyosafiri ile ya kwanza. Nadhani sehemu ya sentensi ya mzee ilitoka huko, ikapita mikono mingi hadi Nanguruwe.

Vipimo hivyo vya McMaster na Miami, hata hivyo, vinahusu barakoa laini na watu waliotulia au wanaotembea. Barakoa zinazobana, zile za daraja la N95, zinadai nguvu zaidi kuvuta hewa, na kwa mtu anayefanya kazi nzito mzigo huo unahisika. Shirika la Afya Duniani lilishauri barakoa isivaliwe wakati wa mazoezi makali. Pamoja na UNICEF likasema mtoto wa miaka mitano au chini asilazimishwe. Mwenye pumu, au anayepatwa na hofu ya kubanwa pumzi, ana haki ya kupumzika na kuivua mahali penye hewa safi bila kuitwa mzembe. Na kuna madhara yasiyopimwa kwa damu: kiziwi aliyezoea kusoma midomo alinyimwa mazungumzo kwa miezi mingi, na sikusikia watu wengi wakimtaja.

Madhara ya kweli ya kuvaa kwa saa nyingi yanaanzia kwenye ngozi na kichwa. Wakati wa ugonjwa wa mapafu wa SARS, wahudumu wa afya wa Singapore waliovaa barakoa mara kwa mara waliulizwa. Zaidi ya theluthi moja walilalamikia chunusi, muwasho au vipele. Mwaka 2020 nchini humohumo, katika wahudumu 158 waliovaa barakoa za kubana pamoja na miwani ya kinga, 128 walipata maumivu ya kichwa ambayo hawakuwa nayo kabla. Mikanda inabana paji na kisogo, na mtu aliyefunikwa uso hanywi maji mpaka zamu iishe. Sasa ilete hali hiyo Mtwara. Hewa ya pwani yetu ina unyevu ambao Nairobi hawaujui. Ndani ya dakika chache kitambaa kimelowa mvuke wa pumzi na jasho, na kitambaa kilichokaa na unyevu kwenye ngozi kutwa nzima kinaleta vipele vya joto. Uchunguzi wa barakoa za madaktari wa upasuaji umeonyesha pia kwamba bakteria huongezeka kadiri saa zinavyokwenda, wengi wao wakitoka kwa mvaaji mwenyewe. Dawa yake si siri: badilisha, fua ya kitambaa, anika juani, tupa ya kutupa.

Kusini watu wamejua zamani kwamba uso uliofunikwa una muda wake. Lipiko la Kimakonde ni kinyago kinachoingia kichwani kama kofia ya chuma, mchezaji akiona kupitia tundu la mdomo, mwili umefungwa nguo kila mahali, na ngoma yenyewe si ya kusimama. Hakuna anayekaa humo kutwa. Zaidi ya hapo wenyewe wanajua, na si langu kusema.

Kwa hiyo kwa mwalimu, muuza duka au abiria wa basi la Masasi, barakoa ya kawaida kwa saa kadhaa inakera, inatoa vipele, inaumiza masikio. Haitii sumu. Ningeweza kuishia hapa, kama yule kijana angekuwa mwalimu au muuza duka.

Yeye ni mpuliza salfa, na hiyo salfa ndiyo iliyonifanya niandike.

Mikorosho ya kusini ilikaribia kufa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa tani kama 16,000. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, watu wakawa mbali na miti yao. Sehemu nyingine ilikuwa ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua na machipukizi kabla hayajashika. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walionyesha kwamba salfa ya unga ikipulizwa kwa mpangilio inauzuia, na miti ikarudi. Kwa uchumi wa Mtwara na Lindi, unga huo wa manjano ni sawa na mvua. Nyumba za bati, ada za shule, mahari, pikipiki: vyote vimepita humo. Sitaki mtu asome makala haya akadhani namwambia mkulima aache salfa.

Lakini tupige hesabu. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti, mara tano kwa msimu, kila baada ya siku 14, kuanzia maua yanapochipua. Mwenye miti mia anapuliza kilo 25 kwa duru moja, kilo 125 kwa msimu. Na vijana wanaopuliza kwa malipo hawaishii shamba moja. Wanazunguka mashamba ya watu kuanzia Juni hadi Septemba. Ukiniuliza ni kitu gani kinachovutwa kwa muda mrefu huku kwetu, sitataja hewa ukaa.

Salfa inaaminiwa kuliko inavyostahili, na ninaelewa kwa nini. Ni dawa. Mafuta ya salfa yametibu upele kwa vizazi vingi, na watu wengine hupaka hadi leo. Haiui mtu kama zinavyoua baadhi ya sumu za wadudu. Ila dawa ya ngozi si dawa ya mapafu. Unga ukikutana na jasho unawasha, ukiingia machoni yanawaka na kutoa machozi siku nzima, ukiingia kooni unaleta kikohozi na sauti ya kukwaruza. Chembe zake nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Zile kubwa zinanasa puani na kooni, zilizosagika zaidi zinashuka chini. Mwenye pumu anaweza kubanwa hapohapo.

Kuhusu wasiopuliza, yaani watoto wa nyumba za karibu, uchunguzi ninaoujua vizuri zaidi umetoka mbali. Katika bonde la Salinas, California, watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley waliwafuatilia watoto 237 wa familia za vibarua wa mashamba, na mwaka 2017 walitoa matokeo. Pale ambapo salfa iliyotumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani ilikuwa mara kumi zaidi, uwezekano wa mtoto wa miaka saba kutumia dawa za pumu ulikuwa mara tatu na nusu, dalili za kifua zilikuwa mara mbili, na nguvu ya mapafu ilipungua. Uchunguzi wa aina hiyo unaonyesha vitu viwili vikienda pamoja, hauthibitishi kimoja kimezaa kingine, na mashamba ya kule si kama yetu. Lakini kule watu wanahesabu kilomita. Kwetu mkorosho uko nyuma ya jiko, na mtungi wa maji uko chini ya mkorosho.

Sasa turudi kwenye ile khanga.

Mpwa alipozima mashine, saa mbili kasorobo, aliifungua na kuikung'utia kwenye shina. Niliomba niione. Nje ilikuwa ya manjano, kama ulivyotarajia. Niliigeuza. Upande wa ndani, pale midomo inapogusa, palikuwa na duara lenye unyevu, na duara hilo lilikuwa la manjano pia, limekolea zaidi pembeni mwa pua, ambako kitambaa hakigusani na shavu. Nilikinyanyua kuelekea juani nikaona mwanga umejaa katikati ya nyuzi. Pamba iliyofumwa ina nyuzi nene zilizopangwa kwa mistari, na kati ya mistari kuna matundu yaliyonyooka. Ni kama mikoko iliyopandwa kwa mistari, njia ikaachwa katikati: tope litapita na maji. Halafu, kwa kuwa imelowa, kuvuta hewa kupitia katikati ni kazi, kwa hiyo hewa inachagua pembeni, kwenye upenyo, bila kuchujwa kabisa.

Hapo ndipo ninapoona hatari ya kitambaa cha puani kilichovaliwa kwa muda mrefu: kinamwambia mtu kwamba amejikinga. Aliye wazi kabisa hugeuza uso na kuondoka kwenye wingu. Aliyejifunga khanga husimama ndani yake.

Barakoa ya bluu aliyoificha mfukoni ingekuwa afadhali kuliko khanga, kwa sababu ya nyuzi zake, lakini nayo imeachwa wazi mashavuni. Ilitengenezwa kwanza kuzuia mate na matone ya mvaaji yasimfikie mgonjwa. Kinachofaa kwa vumbi la salfa ni ile inayokaza uso pande zote: N95 ya mtindo wa Marekani, inayozuia angalau asilimia 95 ya chembe za kipimo cha maikromita 0.3, au FFP2 ya Ulaya iliyo karibu nayo. Iwe na mikanda miwili, mmoja juu ya masikio na mmoja chini, na waya wa puani ubonyezwe kwa vidole viwili mpaka ushike umbo la pua. Ndevu zinaiharibia kazi, kwa kuwa hewa hupita chini yake. Haifuliwi: sabuni na spiriti huua ule umeme tuli, na baada ya hapo unabaki na kikombe cha nyuzi tu. Itundikwe ikauke kivulini, kwenye kikapu au mfuko wa karatasi. Siku ikianza kuwa ngumu kuvuta, ujue imejaa, itupwe.

Sasa yale niliyosema kuhusu gesi yanarudi kwa upande mwingine, na hapa watu wengi huumia. Hewa ukaa inapita kwenye N95 bila kizuizi, ndiyo maana barakoa haimnyongi mtu. Kwa sababu hiyohiyo, mvuke na gesi za aina nyingine nazo zinapita. Anayechanganya viuatilifu vya maji, vile vinavyopulizwa kupokezana na salfa, akivuta harufu kali na barakoa ya vumbi usoni, hajakingwa na mvuke huo. Anahitaji kinga yenye kichujio cha mkaa maalumu. Salfa yenyewe ikishika moto inatoa gesi kali inayochoma koo, na barakoa ya vumbi haiizuii. Kwa hiyo sigara na salfa visikae shamba moja. Hata mama anayechoma korosho kwenye karai nyuma ya nyumba, moshi wa mafuta ya maganda ukimkwaruza kifua, kitambaa kitamkinga na masizi tu, kidogo. Yeye asimame upande unakotoka upepo.

Na kazi igawanywe. Mtu aliyebeba mashine na kubana pua hawezi kwenda saa tatu mfululizo. Apokezane na mwenzake kila mashine inapokwisha unga, aende pembeni kabisa, mbali na wingu, avue barakoa, anywe maji, anawe uso kabla ya kula. Miwani ya kufunika macho ni muhimu karibu sawa na barakoa. Nguo za kupulizia zisifuliwe na za watoto. Mitungi ifunikwe, na watoto wapelekwe kwa bibi kabla mashine haijawaka.

Lipo jambo moja ninaloliona liko mikononi mwa wakubwa. Kila msimu, mifuko ya salfa inafika vijijini kwa mpangilio, majina yanaandikwa, vyama vya msingi vya ushirika vinagawa. Njia ya kumfikia mpulizaji ipo tayari na inafanya kazi. Kama kila mgawo ungefuatana na barakoa mbili za vumbi na miwani, tena na karatasi yenye picha za namna ya kuvaa, gharama ingekuwa sehemu ndogo sana ya thamani ya korosho zinazovunwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Kijana anayepuliza mashamba kumi kwa malipo ya siku hana mwajiri wa kumdai, ana wajomba tu. Kwa hiyo kinga yake itafuata mkondo uleule wa salfa, au haitamfikia.

Nilirudi duru iliyofuata, siku kumi na nne baadaye, na barakoa mbili za N95 nilizonunua mjini. Mzee alizishika, akazigeuza, akauliza kama hizi nazo hazirudishi pumzi. Nilimweleza habari za mikoko. Alikulia Msimbati, kwa hiyo hakuhitaji maneno mengi, alisikiliza, kisha akamwambia mpwa wake, "Haya, jaribu."

Alfajiri ile kijana alipuliza miti yake, akapumzika mara mbili, akamaliza. Nilimpa kipande cha karatasi laini nyeupe apanguse ndani ya pua. Duru iliyopita karatasi kama ile ingetoka ya manjano yote. Sasa ilitoka nyeupe upande wa kulia, na kushoto ilikuwa na mstari mwembamba wa unga. Tuliiangalia barakoa: waya ulikuwa umeinuka upande huo, nafasi ya kama unene wa jani la mkorosho. Mzee alisogea karibu, akaweka vidole viwili juu ya pua ya mpwa wake, akaubonyeza waya mpaka ukalala.

"Vuta," alisema. Kijana akavuta, barakoa ikaingia ndani kidogo kama shavu la mtoto anayenyonya.